Breaking Bad zimebaki mbili: mwisho wake wa Dexter au wa Sopranos?

kijana_michenzani
Asalaam aleikum. Jana usiku nimemaliza sehemu ya 14 ya Breaking Bad, ile tamthilia ya Marekani, msimu wa tano. Kati ya zote 62 zimebaki mbili tu, zimo kwenye flashi, lakini mkono hauendi. Nilizima TV nikatoka barazani, mpaka bi mkubwa akaniuliza nimefiwa na nani.

Woga wangu ni Dexter, ile tamthilia ya muuaji. Misimu minane, halafu mwisho jamaa kawa mkata magogo! Mlioimaliza hii, nambieni iko upande gani: Dexter au Sopranos? Na nizitazame zote leo au nigawe? Ila msinimwagie mchele. Atakayenisimulia sitomsamehe.

BintiWete
Yakhe, Dexter nilikuwa nimefika msimu wa sita. Ahsante sana.

feni_inazunguka
Sopranos niliitazama kwa DVD za kuazima. Bosi wa mafia kakaa mkahawani na familia yake, mlango unafunguliwa, pap! Giza. Nikaanza kulaani umeme, maana miye ni wa ile miezi mitatu ya kuanzia Disemba 2009, Unguja nzima kibatari. Kugeuka, feni inazunguka. Kumbe ndio mwisho wenyewe! Marekani nako, usiku ule wa Juni 2007, watu walidhani kebo zao zimekatika.

Niliuchukia mwaka mzima. Sasa nauona bora kuliko yote: mwenye kula kwa kuua watu, kila mlango ukifunguliwa lazima ainue kichwa. Lakini Breaking Bad usiitarajie hivo. Walter, jamaa wa humo, ni mwalimu wa kemia, kila kitu kwake kina kipimo.

mchuma_karafuu
Dexter ilimalizika 22 Septemba 2013, Breaking Bad wiki moja tu baadae, tarehe 29. Zipime hizo mbili, Sopranos iache.

Dexter kila msimu analetewa adui mpya, adui anakufa, yeye anabaki vilevile. Ukifika mwisho hakuna deni la kulipwa, basi wakabuni tu. Mpaka 2021 wakarudi kutengeneza. Breaking Bad kila uongo aliomwambia mkewe tangu msimu wa kwanza uko palepale, unazaa riba. Hiyo ya 14 uliyoiona ndio wadai wamepiga hodi. Sasa hizo mbili zilizobaki, yule…

feni_inazunguka
Weweee! Ushaanza.

mchuma_karafuu
Haya, nimeufyata.

BintiWete
Kugawa au kutogawa, mnamjibu lini? Gawa, kaka. Zote mbili ni ndefu kuliko za kawaida, na ya 15 inakwenda taratibu khasa. Ukiziunganisha utaikimbiza hiyo kwa uchu wa ya mwisho, na miye ndiyo niipendayo. Nililala nayo moyoni usiku mzima, ya 16 nikaitazama kesho yake baada ya alasiri, watoto wako chuoni.

mchuma_karafuu
Miye siungi mkono. Nani atalala baada ya ya 15? Unganisha, chai ya tangawizi kwenye chupa, simu mbali.

kijana_michenzani
BintiWete, niwie radhi kwa Dexter na kwa hili pia. Nilinuia kugawa. Ya 15 nimeanza baada ya isha, ilipokwisha kidole kimejibonyezea chenyewe. Ya 16, dakika kama ishirini hivi, giza.

Feni nayo imesimama.

Simu ina asilimia 9. Wete kwenu umeme upo?