Korona ya mkonge kugeuzwa ukumbi wa zilipendwa: tuanzie wapi?

Mwana Korogwe: Ndugu zangu, salaam. Sisi ndugu wanne tunataka kukodi jengo la korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, lililoacha kazi miaka mingi iliyopita, tufungue ukumbi wa muziki wa dansi wa zamani, wenye santuri na mbao za bao. Mashine ingalimo, imeganda kwa kutu. Mmoja wetu anashauri tuiuze kama chuma chakavu na kupaka rangi kila mahali, lakini mimi nasita. Mnaonaje?

Msanifu: Msiiuze. Kituo cha umeme cha Battersea, London, kiliacha kuzalisha umeme mwaka 1983, na leo chumba chake kimoja cha kuongozea mitambo ni baa, ambamo wateja hunywa mbele ya paneli zenye mishale na swichi za miaka ya 1950. Ila kilipita pabaya: mwekezaji aliyetaka kukifanya bustani ya burudani aling'oa sehemu kubwa ya paa, fedha zikamwishia mwaka 1989, na vyuma vikabaki vikinyeshewa miaka mingi, umma haukufunguliwa milango hadi 2022. Paa lenu lisiguswe kabla fedha ya kuliezeka upya haijawa mkononi.

Mzee wa Korona: Kuhusu paa hilo, kwanza hakikisheni si la asbesto, kwa sababu mkilitoboa au kulivunja vumbi lake huingia mapafuni, hapo waiteni wenye utaalamu. Jambo la pili ni sakafu. Maji ya mkonge ni makali, na pale nilipofanya kazi yalikula zege la mifereji mpaka nondo zikaonekana. Pigeni sakafu kwa nyundo, hatua kwa hatua. Panapolia kama mtungi mtupu, chini pana uwazi, na watu wasichezee hapo.

Fundi Mitambo ya Muziki: Nami nakataa rangi, kwa sababu nyingine: haiondoi mwangwi. Bati na zege tupu hurudisha sauti, kiasi kwamba gitaa la solo hukufikia mara mbili na maneno ya mwimbaji yakapotea. Tundikeni mazulia mazito ya katani, yaani nyuzi za mkonge, ukutani, nyuma ya wasikilizaji, yakiachana kidogo na ukuta. Malighafi mnayo hapo hapo.

Mwana Korogwe: Ahsanteni sana. Mashine inabaki. Jumamosi tunakwenda na nyundo.