Waliowahi kufika Kuthodaw, Mandalay: tupeane uzoefu

Mchuuzi wa Vito
Wakuu, nimeona picha ya "kitabu cha mawe" nikakumbuka mbali. Wanaofanya biashara ya vito Bangkok wanaijua njia: unavuka Myanmar kutafuta rubi za Mogok, na mkikosa bei mwenyeji anakupeleka Kuthodaw, hekalu la Kibudha chini ya kilima cha Mandalay. Mfalme Mindon aliamuru maandiko yote ya Wabudha, Tipitaka, yachongwe kwenye marumaru, 1860 hadi 1868. Mabamba 729, yameandikwa mbele na nyuma, kila moja na kijumba chake cheupe. Aliyefika amwage hapa.

Peku Peku
Sakafu ile saa saba mchana! Viatu unavua, na soksi pia.

Mama Nuru
Msinikumbushe. Tulikwenda na binti yetu, alikuwa na miaka minne. Nilikuwa mbele ya bamba moja, refu karibu kunifikia, naangalia zile herufi za duara zilivyobanana, hata pa kupitisha kucha hakuna. Kugeuka, mtoto hayupo. Jamani, vijumba vyote vinafanana! Safu kwa safu, mlango kama mlango. Nikawa nakimbia peku naita, mume wangu kashika upande wa pili. Kila nikichungulia ni jiwe tu limesimama. Mtu wa kumuuliza hatuelewani lugha, nikawa naonyesha kimo kwa mkono. Wauza maua wakaacha biashara zao wakatawanyika kumtafuta. Alikuwa chini ya mti mkubwa, bibi mmoja kamshikisha shada la maua na kumpaka thanaka, ile poda ya gome la mti, mashavu yote mawili. Nilimpa bibi yule hela, akanirudishia na kunifunga kiganja. Nililia pale pale.

Kijana wa Arusha
Dada, nimesoma huku nimeshika roho. Pole sana.

Mtumishi
Pole mama. Ila mkristo anafuata nini kwenye sanamu?

Mchuuzi wa Vito
Mtumishi, hakuna aliyesujudu. Waingereza walishainyakua kusini mwa nchi 1852, kabla mfalme yule hajakalia kiti, akaogopa mafundisho yasipotee. Mtu wa dini yoyote anauelewa uchungu huo.

Mtumishi
Kuelewa sawa. Kuingia ni jambo jingine.

Mzee wa Historia
Mtaje na dhahabu. Herufi zile zilijazwa dhahabu. Waingereza walipoiteka Mandalay 1885, wanajeshi wakapiga kambi humo humo, dhahabu ikakwanguliwa, vito vikang'olewa. Wino mweusi mnaouona ni wa baadaye. UNESCO iliyaorodhesha mabamba hayo 2013 kwenye Kumbukumbu ya Dunia, ila dhahabu hairudi. Inaniuma kama mali zetu zilizobebwa na wakoloni.

Kijana wa Arusha
Mama Nuru, binti anakumbuka?

Mama Nuru
Anakumbuka bibi. Mawe hayakumbuki hata moja.

Peku Peku
Nendeni alfajiri, sakafu imepoa.

Bi Safari
Jioni ni bora, jua likiwa limelala mawe yanasomeka. Wenye watoto washikeni mkono, na msiishie hapo: Sandamuni, hekalu jingine, iko jirani, ina mabamba 1,774 ya ufafanuzi wa maandiko hayo.

Mzee wa Historia
Kwanza ulizeni usalama. Kuna vita, na tetemeko la 28 Machi 2025 liliipiga Mandalay vibaya. Mwenyeji akisema subiri, subirini.