Gita nasoma, Ekadashi nafunga, na kiburi bado kimekaa kaunta

Mwana wa Hadiwea (Mombasa)

Jai Swaminarayan kwa wenzangu, na salamu kwa wengine wote.

Nina miaka 38. Nauza vifaa vya ujenzi, duka aliloanzisha babu yangu. Jumapili jioni sikosi sabha (mkutano wa ibada) kwenye mandir, hekalu letu, siku ya Ekadashi nafunga mara mbili kwa mwezi, na ule ubeti wa ahankara, yaani umimi, katika sura ya tatu ya Gita, kitabu chetu kitakatifu cha Kihindu, nimeuhifadhi. Ukinitazama kwa nje utasema huyu mtu wa dini.

Wiki mbili zilizopita mteja wa Mariakani aliagiza mabati 60, geji 28. Simu nilipokea mimi, oda nikaandika mimi, nikaandika geji 30. Mzee wetu wa stoo, aliyekuwepo hapo dukani tangu mimi navaa kaptula ya shule, akaja na karatasi mkononi akaniambia taratibu, "Bosi, huyu fundi hachukui 30. Siku zote huchukua 28." Kaunta palikuwa na wateja watatu. Nikamjibu kwa sauti, "Mzee, duka lako au langu?" Wateja wakacheka. Akaikunja ile karatasi, akaikunja tena mpaka ikawa kama stempu, akaitia mfukoni, akaenda kupakia.

Saa nane mchana lori likarudi na mabati yote 60.

Hasara nimeizoea, biashara ndivyo ilivyo. Kilichonitisha ni kwamba lori likiingia getini, wazo langu la kwanza lilikuwa: nani ananiona? La pili: nisemeje ionekane mteja ndiye aliyegeuza oda? Na nikasema hivyohivyo. Jioni nikamnunulia mzee soda, nikajiambia yameisha.

Tena si hilo tu. Kabla ya Diwali iliyopita nilitoa gupta daan, sadaka ya siri isiyoandikwa jina. Usiku uleule nikamwambia mke wangu. Kesho yake nikamwambia kaka (kaka wa Kigujarati, yaani baba mdogo, msije mkachanganya). Kufika siku ya Annakut, sikukuu inayofuata Diwali, nilikuwa nimenuna kwamba hakuna anayenipa hongera.

Nauliza wanaofuata mafundisho haya kwa vitendo: mnafanyaje kazini, simu iko sikioni na mtu anakubishia bei ya simiti? Msiniambie nikatafakari asubuhi. Natafakari. Nikifika kufungua kufuli la duka, utulivu wote umeshakwisha.

Ba wa Upanga (Dar es Salaam)

Jai Shri Krishna, mwanangu. Ile soda ulimnunulia mzee, lakini aliyeinywa ni wewe.

Nisikucheke, maana mimi ni mbaya zaidi. Nimesukuma rotli (chapati zetu) jikoni kwenye mandir miaka 14. Watu wakisema Ba hana makuu, hakai mbele, mimi nainamisha kichwa na moyoni natabasamu. Siku moja akaja bi harusi kutoka Rajkot. Rotli zake mviringo kama zimekatwa kwa sahani, ukizitia motoni zinavimba kama puto. Wanawake wote wakahamia meza yake. Siku hiyo nikatangaza kwamba dal yake, mchuzi wa dengu, imezidi chumvi. Haikuzidi. Chumvi niliiongeza mimi, kwa mdomo.

Nikaomba nihamishiwe mlangoni, kwenye seva (kazi ya kujitolea) ya viatu. Watu wanavua, wewe unapanga, wakitoka unawapa. Nilidhani hapo kiburi kitakufa njaa, maana nani atasifu viatu? Haikufika miezi miwili, nikaanza kujiona nazipanga jozi vizuri kuliko yule bwana wa zamu ya asubuhi. Kwa hiyo kwamba kinaisha, sikuahidi.

Ila kuna hadithi ya Kena Upanishad, andiko letu la kale, naibeba kila mahali. Miungu walishinda vita wakajisifu, ushindi huu wetu. Brahman, aliye mkuu kuliko miungu wote, akawatokea kwa umbo wasilolijua. Wakamtuma Agni, moto, akaulize wewe ni nani. Badala ya kujibiwa akaulizwa yeye: una nguvu gani? Akasema naweza kuteketeza kila kilicho duniani. Akawekewa unyasi mmoja mkavu: haya, uchome huu. Agni akaujia kwa nguvu zake zote, unyasi haukuungua. Akaenda Vayu, upepo, anayesema anaweza kupeperusha kila kitu. Unyasi haukutikisika. Nachopenda hapa ni kwamba hakuna aliyepigwa radi. Kila mmoja alirudi kwa wenzake akasema, sikuweza kumjua.

Unyasi wako wewe ni geji 28.

Sasa vitendo, maana ndivyo ulivyouliza. Mzee ulimvunjia heshima kaunta, mbele ya wateja. Msamaha nao uende palepale kaunta, wateja wakiwepo, usimvutie stoo kumnong'oneza. Sema "juzi nilikosea, mzee alisema kweli" ukome hapo. Ukisikia "lakini" inakuja, meza mate. Kisha usimtazame usoni kungoja akusifu.

Mpakiaji (Kisauni)

Mimi si Mhindu, ni Muislamu, na nimepakia mizigo kwenye maduka kama hayo miaka 11. Nimesoma yote. Hiyo ya kutoa sadaka kisha umwambie mke, kwetu inaitwa riya, na inatusumbua kama inavyowasumbua nyinyi. Hapo tuko pamoja, ndugu yangu.

Ila nina maswali mawili. Lori kwenda Mariakani na kurudi, gharama alilipa nani? Hukusema.

La pili, haya mafundisho ya kushusha nafsi huwa mnayaelekeza kwa nani? Bosi wangu mmoja alibandika ukutani maneno ya unyenyekevu, maandishi ya dhahabu, mazuri kweli. Tukiomba nyongeza anatuonyesha ukuta. Mtu anayeitwa "wewe kijana" na ana wajukuu, nafsi yake ishushwe mpaka wapi?

Mtoto wa Kampala (Leicester)

Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama, mnivumilie. Swali la Mpakiaji limenigusa, nimeshindwa kupita.

Baba alikuwa na duka la vitambaa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin, rais wa Uganda, aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Baba akafika hapa Uingereza na masanduku mawili, akaishia kiwanda cha soksi, zamu ya usiku, chini ya msimamizi wa umri wa mwanawe. Mjomba mmoja akawa anamwambia, shukuru, Mungu amekutoa ahankara. Baba alinyamaza miaka mingi. Hakuwa amepoteza ahankara yoyote. Alikuwa ameumizwa, na watu walipita juu ya jeraha lake na beti za Gita mdomoni.

Neno lenyewe ni aham, "mimi", na kara, kinachotengeneza. Ni ile mashine ya ndani inayogonga muhuri wa "mimi, changu" juu ya kila kitu. Sura ya tatu, ubeti wa 27: kazi zote hutendwa na guna (nguvu) za maumbile, lakini aliyepumbazwa na ahankara hudhani "mimi ndiye mtendaji". Heshima ya mtu haimo humo. Gita hiyohiyo, sura ya sita ubeti wa 5, inasema mtu ajiinue mwenyewe, asijidhalilishe. Na Arjuna, shujaa wa Gita, alipokaa chini vitani na kuutupa upinde, Krishna, anayemfundisha humo, hakumsifu kwa unyenyekevu. Alimwambia inuka.

Kwa hiyo Mpakiaji, kwa maoni yangu, mwenye duka asome 3:27 na wewe usome 6:5. Mjomba wangu alizibadilisha.

Mwana wa Hadiwea (Mombasa)

Nimechelewa kujibu, mtaona kwa nini.

Jumamosi asubuhi nilifanya kama Ba alivyoniagiza. Wateja walikuwa wawili, mmoja alikuwepo na siku ile. Nikasema, "Yale mabati ya Mariakani nilikosea mimi. Mzee aliniambia kweli." Ikawa imetoka, fupi hivyo. Mzee akasema "Sawa, bosi," akaendelea kupima misumari kwenye mizani. Nilikaa kidogo nikingoja aongeze neno. (Ba, najua, najua.) Hakuongeza.

Mpakiaji, swali lako lilininyima usingizi. Nilitaka nikujibu kwamba gharama ililipwa na duka, nilikuwa na hakika kabisa, nikaandika jibu lote. Kabla ya kulituma nikafungua daftari la mishahara. Kwenye jina la mzee pana makato: 3,500, "lori Mariakani". Mwandiko ni wangu. Nililiandika jioni ileile ya soda, na sikumbuki mkono wangu ukifanya hivyo. Naye alipokea mshahara umepungua, akasaini, akaniambia asante.

Leo saa nne nikamrudishia kwa M-Pesa, kimya kimya, nikaona safari hii nimefanya jambo bila kumwambia mtu. Dakika mbili hazijapita akatoka stoo, simu mkononi, kaunta pamejaa watu. Akaniambia taratibu, kama siku ile:

"Bosi, umetuma 3,000."

Masikio yaliniwaka. Nikaiangalia simu yangu. Kweli, 3,000. Nikamwambia, "Umesema kweli, mzee," nikatuma 500 palepale, naye akasubiri mlio wa meseji ndipo akarudi stoo.