Kina cha kisima kinashuka, mgodi unasema pH ni nzuri. Nipime nini?

Katibu wa Kisima
Salaam kwenu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji. Kisima chetu kirefu kiko kama kilomita mbili kutoka kwenye shimo la mgodi wa makaa ya mawe, na nina daftari la vipimo vya miezi 14. Kipimo cha kwanza maji yalikuwa mita 18.40 chini ya mdomo wa bomba. Wiki iliyopita yalikuwa mita 21.15. Natumia utepe wa chuma wenye kitu kizito mwishoni. Napaka chaki mita ya mwisho, nateremsha hadi alama ya mita 22 ikae sawasawa na mdomo wa bomba, navuta, naangalia chaki imelowa wapi. Ikilowa sentimita 85, natoa kwenye 22, ndiyo hiyo 21.15.

Maji yenyewe yakitoka ni maangavu. Ndoo ikilala, asubuhi juu kuna utando unaong'aa kama mafuta, na chini tope laini la rangi ya kutu. Kitambaa cheupe nilichochujia hakijatakata mpaka leo.

Tulilalamika. Mtaalamu wa mgodi akaja na kipimo cha mkononi, akasoma pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.1, akasema maji hayana neno na kushuka kwa kina ni ukame. Mvua kweli zilikuwa haba, sikatai. Lakini watu wananiuliza mimi, na sitaki kuwajibu kwa hasira wala kwa kukisia. Nipime nini, na wapi?

Mpima Maji
Ndugu katibu, njia ya chaki ni ya zamani na ukiwa makini inakupa hadi sentimita. Ishike. Kabla sijasema lingine: huwa unapima saa ngapi?

Katibu wa Kisima
Saa 12 jioni, watu wakishamaliza kuchota. Ila kile cha kwanza nilipima alfajiri, siku pampu ilipofungwa.

Mpima Maji
Basi umelinganisha vitu viwili tofauti. Jioni kisima kimechotwa kutwa nzima, maji yameshuka kwa sababu ya pampu yenu wenyewe. Kinachotakiwa ni kina cha maji yakiwa yametulia. Pima alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza, kila mara kuanzia alama ileile iliyochorwa kwenye mdomo wa bomba, na uandike pembeni mvua iliyonyesha.

Pili, kisima kimoja hakiwezi kutenganisha ukame na mgodi. Shimo likipita chini ya usawa wa maji ya ardhini, mgodi hulazimika kuyatoa kwa pampu usiku na mchana, na maji ya pande zote huinamia shimoni, kama mchanga unavyoporomokea kwenye tundu. Kwa hiyo visima vya karibu hushuka zaidi ya vya mbali. Ukame hushusha vyote, na mvua ikirudi hupandisha vyote. Tafuta kisima cha upande wa juu, ambako maji yanatoka kabla hayajafika mgodini, ukipime siku moja na chenu. Mvua ikinyesha kile kikapanda na chenu kikabaki chini, hapo una hoja ambayo neno "ukame" haliijibu.

Sasa hiyo pH, ambayo imenikera kidogo. Ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna piriti, madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki. Lakini mwamba ukiwa na chokaa, asidi inazimwa njiani na pH inabaki 7. Kinachobaki ndani ya maji ni salfeti, yaani chumvi itokanayo na asidi hiyo, na kalsiamu iliyoyeyuka kutoka kwenye chokaa. pH huanguka mwishoni, chokaa ikishachoka. Mnayo karatasi ya maabara ya kabla ya mgodi?

Katibu wa Kisima
Tunayo, tuliachiwa na waliochimba kisima. pH 7.3, salfeti miligramu 38 kwa lita, kalsiamu 41.

Wa Maabara
Karatasi hiyo msiitoe nakala halisi kwa mtu yeyote.

Mkichukua sampuli, pimeni pH papo hapo kisimani, maana hubadilika njiani. Maji ya chupa ya kupimia metali kama chuma yachujwe palepale kwa chujio la mikromita 0.45, kisha yatiwe asidi safi ya nitriki. Bila hivyo lile tope lako la kutu litajijenga ndani ya chupa na tutapima maji ambayo chuma kimeshayatoka. Chupa ya salfeti haitiwi asidi hiyo. Zote zikae kwenye baridi. Kisima chenu kinachotwa kila siku, hivyo acheni pampu iende kidogo tu. Kisima kilicholala, toeni kwanza mara tatu ya maji yaliyomo: bomba la kipenyo cha sentimita 15 lina karibu lita 18 kila mita.

Ombeni pia manganizi, sumu ya aseniki na nitreti. Nitreti hutoka kwenye baruti za mgodi, ila hutoka na vyooni na kwenye mbolea, msiitumie peke yake kumshtaki mtu.

Jirani wa Shimo
Moja tu. Asishuke mtu kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono kuchukua sampuli. Karibu na makaa kuna methani, na hewa mbaya hutuama chini. Mdogo wangu tulimtoa hajitambui. Shusheni chupa kwa kamba.

Katibu wa Kisima
Narudi baada ya wiki tano. Alfajiri: mita 19.62. Jioni ileile: 21.10. Kumbe karibu mita moja na nusu ilikuwa ndoo zetu, na nimesimama mbele ya mkutano nikalisema hilo, kwa sababu mimi ndiye niliyewatajia zile mita karibu tatu. Imebaki mita 1.22 isiyo na maelezo.

Maabara: pH 7.1, salfeti 164, kalsiamu 88, chuma 2.4. Aseniki iko chini ya mikrogramu 10 kwa lita. Kisima cha upande wa juu: salfeti 35.

Mpima Maji
Salfeti ya 164 haiwadhuru. Shirika la Afya Duniani halijaiwekea kikomo cha kiafya, na ladha huanza kusikika karibu na 250. Lakini imepanda zaidi ya mara nne, kalsiamu imepanda nayo, na kisima cha juu kimetulia. Andikeni barua mkiomba vipimo vya visima vya uangalizi vya mgodi tangu siku ya kwanza. Na msiache kupima hata mgodi ukifungwa. Pampu zikizimwa maji hupanda tena na kuosha miamba yote iliyokauka.

Katibu wa Kisima
Barua imepelekwa jana, tumebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mvua zimeanza juzi. Kijana wa kisima cha juu nimempa utepe na chaki, tunapima wote saa 11 alfajiri kila Jumatatu.