Binti yangu ana vali ya moyo iliyobana: puto ni lazima, au tunaweza kungoja?

Baba_wa_Ahero: Hamjambo wadau. Naomba ushauri, ila msinitukane. Binti yangu ana vali ya moyo iliyobana, ile inayopeleka damu kwenye mapafu. Ilijulikana akiwa na miaka sita. Daktari wa moyo anataka apitishiwe mrija kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, puto lijazwe pale vali ipanuke. Kifua hakipasuliwi. Lakini mtoto anakula, anacheza, ukimwona huwezi kujua. Kuna mzazi aliyengoja mpaka mtoto akakomaa kidogo?

Jaduong_Kondele: Pole sana ndugu yangu. Mpwa wangu alianza na koo tu, tukaona ni mafua. Mara magoti yamevimba, mara anahema akipanda kilima. Vali ilikuwa imeshaharibika. Mpaka leo anadungwa penisilini kila mwezi, na anauza samaki pale Dunga kama kawaida. Usikose sindano hata moja!

Nesi_wa_Zamu: Jaduong, ya mpwa wako ni nyingine kabisa. Ile ni homa ya baridi yabisi, inaanzia kooni na hasa hula vali za upande wa kushoto. Hii ya mapafu kwa kawaida mtoto huzaliwa nayo, kwa hiyo sindano ya kila mwezi haiitibu. Baba, ripoti ya eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inasema presha ngapi kwenye vali? Na mtoto ameshawahi kuzimia?

Baba_wa_Ahero: Namba siikumbuki vizuri dada. Swali langu ni kama kungoja kunawezekana.

Mama_Pendo_Kakamega: Kwa Mungu yote yawezekana. Kuna ibada ya uponyaji kwetu kila Ijumaa, mlete mtoto. Na apunguziwe chumvi.

Nesi_wa_Zamu: Ibada aende, na ripoti pia isomwe. Swali lako ndilo linalojibiwa na hiyo namba. Ikiwa chini ya 36 ni hafifu. Wengi wa hao hufuatiliwa tu na hawaguswi maishani. Ikipita 64 ni kali. Sasa fungua hicho kitabu cha kliniki utuambie.

Baba_wa_Ahero: Nimefungua. Kuna doa la chai juu ya karatasi lakini inasomeka: 78. Kuzimia ni mara moja tu, kwenye mbio za shule. Alimwagiwa maji akaamka. Mwalimu mwenyewe alisema hakuwa amekunywa chai.

Nesi_wa_Zamu: Eeh baba! Hilo ndilo ungeanza nalo. Mtoto wa 78 anayeanguka akikimbia hangojei kukomaa. Fikiria matatu ambayo mlango wake unafunguka nusu: watu wanasukumana, wachache ndio wanaotoka. Chumba cha kulia cha moyo kinasukuma hivyo usiku na mchana, kuta zake zinakuwa nene, na mwisho wake ni kuchoka. Miguu na ini vikianza kuvimba mmechelewa. Kwa sasa mtoe kwenye mbio kabisa.

Otis_Manyatta: Samahani kuuliza, tatizo ni puto au ni pesa? SHA, bima ya afya ya serikali, mmelipa?

Baba_wa_Ahero: SHA iko hai. Kinachobaki tulifanyia harambee. Ila niseme ukweli, nusu ya ile pesa nimeiweka kama malipo ya kwanza ya pikipiki. Msinielewe vibaya. Ikifanya kazi hadi Agosti inarudisha pesa yote na faida juu. Sijala pesa ya mtoto, naizungusha.

Mama_Pendo_Kakamega: Jamani! Watu wametoa mia mia zao na kuku wao, wewe unanunua bodaboda? Ukisimama mbele ya wale wazee utasema nini?

Otis_Manyatta: Agosti mvua ikinyesha huko kwenu abiria anapanda mtumbwi, si pikipiki 😂

Fundi_Boda_Kibuye: Ni mpya au mtumba? Kama ni mtumba angalia cheni na uisikilize injini ikiwa baridi. Wengi wanauziwa iliyopigwa rangi tu.

Kachero_Nakuru: Wadau mnachezewa. Soma tena juu: mtoto ana miaka sita. Huyo wa miaka sita anashindana mbio za shule? Halafu ghafla harambee, pikipiki, machozi. Subirini, kesho inawekwa namba ya kutuma mchango. Hizi hadithi tumezizoea.

Baba_wa_Ahero: Namba yangu hutaiona hapa, sihitaji mia yako. Nimesema ILIJULIKANA akiwa na miaka sita. Sasa ana tisa, yuko gredi ya nne. Eko ya kwanza ilikuwa 41.

Kachero_Nakuru: Kwa hiyo umekaa na hili jambo miaka mitatu. Sawa, naondoa neno la uongo. Hilo lingine siondoi.

Nesi_wa_Zamu: Kachero, mwache. Na 41 walikuwa sawa kusema arudi kupimwa. Ulimrudisha?

Baba_wa_Ahero: Hatukurudi mpaka alipoanguka. Mama yake alitaka, mimi nikaona yuko sawa. Naogopa ule mrija. Nimesikia mtu wa Nyando alienda Nairobi akarudi kwenye sanduku.

Nesi_wa_Zamu: Alienda kutibiwa nini? Uliza kwanza. Hatari ipo, sitakudanganya, lakini puto la vali hii limeanza kutumika tangu 1982, kule Johns Hopkins Marekani, na leo ndilo tiba ya kwanza. Wengi hutoka wodini baada ya siku moja au mbili. Vali inaweza kuvuja kidogo baadaye, mara nyingi moyo unalivumilia hilo. Muulize daktari kama vijani vya vali, vile vipande vinavyofunguka na kujifunga, ni vinene, kwa sababu hapo puto huweza kushindwa na mkahitaji upasuaji. Akitaja Eldoret au Nairobi, mwende.

Otis_Manyatta: Na Mater Heart Run? Ile mbio huchangia watoto wa moyo. Ulizia.

Baba_wa_Ahero: Kliniki ni Alhamisi. Muuzaji wa pikipiki anasema pesa hairudi, nitafute mtu wa kuchukua nafasi yangu.

Fundi_Boda_Kibuye: Ndiyo maana nilikuuliza ni mpya au mtumba. Nitumie picha inboksi. Kama karatasi zake ni safi, kesho asubuhi nakupa ulichoweka.