Tupeane uzoefu: mliosoma hisabati chuo, siku gani mlijua hii siyo ile ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ya kidato cha sita?

Kauntabuku: Wakuu, habari za jioni. Leo nahamisha vitu chumba cha nyuma, nimekutana na kauntabuku langu la mwaka wa kwanza. Ukurasa wa tatu nimeandika "kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri" (epsiloni ni ile herufi ya Kigiriki ya pengo dogo), chini yake, kwa kalamu nyekundu: KWA NINI??? Nimecheka mpaka mama watoto kaja kuchungulia.

Mimi nilitoka kidato cha sita na A ya hesabu. Integrali nilikuwa nazipiga huku nakula. Nafika chuo, lekchara anaandika ubaoni 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea, anauliza jumla inafika wapi. Nikanyoosha mkono, kifua mbele: inasimama mahali, maana vipande vinazidi kuwa vidogo. Akasema, haya, thibitisha.

Usiku ule nikakaa na Casio yangu, najumlisha kimoja kimoja. Vipande mia, jibu 5.187. Nikaona imeanza kukwama, nikalala mshindi. Kesho yake jamaa akavikusanya kwa mafungu: 1/3 na 1/4 vinazidi nusu. 1/5 hadi 1/8 vinazidi nusu nyingine. Vinane vinavyofuata, nusu tena. Nusu haziishi, kwa hiyo jumla haina mwisho. Akamalizia kwamba hata ukijumlisha vipande milioni moja utapata kama 14.4 tu, ndiyo maana kikokotoo kinadanganya watu. Nikajua nimeingia choo cha kike.

Nyie ilikuwaje?

Mama Delta: Choo cha kike wengine ndicho chetu na bado tulipotea humo humo, hahaha.

Bin Sapu: Rial Analisisi, lile somo la kuthibitisha mambo ya ukomo. Sina la kuongeza.

Mzee wa Koziweki: Mimi koziweki, alama za kabla ya mtihani wa mwisho, nilikuwa na 17 kwa 40. Kwenye UE, mtihani wenyewe wa mwisho, nilihitaji 23 tu nisipigwe sapu, yaani kurudia mtihani. Swali la pili nikajaza kurasa mbili nathibitisha kwamba fankisheni zisizokatika zikifuatana, ukomo wake nao haukatiki. Kumbe ni uongo! Chukua x, x mraba, x mchemraba, endelea hivyo kati ya 0 na 1. Zote laini kabisa. Ukomo wake ni sifuri njia nzima, ukifika 1 unaruka ghafla unakuwa 1. Nikapata 11.

Baadaye nikasoma kwamba Cauchy mwenyewe, yule gwiji wa hisabati, aliandika kosa la ukoo huo huo mwaka 1821, mpaka mwanahisabati mwenzake Abel akaja kulionyesha mwaka 1826. Nikapoa kidogo. Ila Cauchy hakurudi Septemba kufanya sapu.

Lugha Kwanza: Mtoa mada, ni hisabati. Hesabu ni za dukani.

Mzee wa Koziweki: Za dukani ndizo zinazolipa.

Mwalimu Ukomo: Na nyie wa hisabati tupu mlikuwa mnatudharau sana sisi wa ualimu. Darasa moja, mtihani mmoja, sisi tunaongezewa na saikolojia juu. Leo nani ana ajira?

Bin Sapu: Mwalimu tulia, mshahara wenyewe unakuaga tarehe tano.

Mwalimu Ukomo: Unakuaga kwa sababu upo. Wako je?

Dogo wa Mwaka wa Kwanza: Shikamooni wakuu. Nina testi Jumatatu, ukomo wa mfuatano. Sielewi hata neno. Msaada.

Mtu wa Thika: Dogo, mimi ni wa huku Kenya, A ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, haikunisaidia hata wiki mbili. Andika uthibitisho kwa mkono, funika daftari, andika tena bila kuangalia. Usikariri.

Kichwa cha Sanduku: Mimi nilikariri zote na nilitoka na GPA ya 3.9. Kariri dogo.

Abiria wa Mwisho: Hii sijawahi kumsimulia mtu. Mwisho wa mwaka wa pili nilipigwa disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Nyumbani sikusema. Mzee anauza mahindi, anatuma hela, mimi nabebwa hosteli na jamaa yangu, kitanda cha futi mbili na nusu, kichwa kwa miguu. Asubuhi nabeba begi naenda kukaa nyuma ya holi kama kawaida. Watu mia tatu, nani atakujua? Miezi saba. Cha ajabu, ndicho kipindi nilichoelewa hesabu kuliko wakati wowote, maana sikuwa na mtihani wa kuogopa.

Siku moja jamaa kaja mbio: kuna mzee yuko utawala, ana kiroba cha mchele na jogoo, anakuulizia kwa majina matatu. Nafika, mzee kakaa kwenye benchi, jogoo kafungwa miguu yuko sakafuni, na mkononi mzee ameshika karatasi.

Ngojeni, konda anadai nauli. Nikifika naendelea.

Mama Delta: Wewe! Usitufanyie hivyo.

Mtu wa Thika: Nimevuta kiti.

Kauntabuku: Wakuu turudi kwenye mada.

Bin Sapu: Mada ni jogoo.

Mama Delta: Haya, wakati tunamsubiri. Dogo, marahaba. Epsiloni mchukulie kama mteja mbishi kwa fundi seremala. Yeye anataja pengo analovumilia kati ya mlango na fremu. Wewe ndiye unayetafuta N, namba ya nafasi kwenye mfuatano, kwamba kuanzia hapo kazi yote inakaa ndani ya pengo lake. Kwa 1/n, akikutajia 0.01 unamjibu: kuanzia cha 101. Akibana hadi 0.001, unasogea hadi cha 1001. Mnachokosea wengi ni kuchagua N kabla mteja hajafungua mdomo.

Dogo wa Mwaka wa Kwanza: Dada umeniokoa. Lekchara wiki tatu hajasema hivyo.

Kichwa cha Sanduku: Kariri na hiyo.

Abiria wa Mwisho: Nimefika. Karatasi ilikuwa nakala ya barua ya disko. Karani alimpa tu, akamwambia atasomewa na mwanawe. Imeandikwa Kiingereza, mzee Kiingereza hajui. Akaninyooshea: "Soma." Nilisimama pale nikijua naweza kumsomea chochote, hata kwamba nimepata zawadi.

Nikamsomea ilivyo, mstari kwa mstari.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema mchele niwape wenzangu, walionilaza bure. Tukarudi nyumbani kwa basi la alfajiri, jogoo kampakata mwenyewe njia nzima.

Mama Delta: Jamani.

Bin Sapu: Kwa hiyo jogoo alipona.