Kunenepesha kondoo Dar: machicha ya bia, mashudu au maganda ya sokoni?

MfugajiChanika
Wadau, habari za jioni. Nina madume ya kondoo huku Chanika, nayaandaa kwa Idd ya kuchinja. Malisho yamekwisha, kila kona inajengwa. Machicha ya bia naona bei yake iko chini kabisa kuliko mashudu ya alizeti, yale makapi ya kukamua mafuta. Nichukue hayo tu?

BabuWaPugu
Mkuu, usilinganishe gunia kwa gunia. Machicha mabichi zaidi ya robo tatu ni maji. Kilo 50 zikikauka unabaki na kama kilo 10 hadi 12 za chakula. Mashudu ya uzito huohuo yanakupa kama 45. Gawa bei kwa kilo kavu, weka na nauli ya kirikuu, ndipo uamue. Aliye jirani na kiwanda cha bia pale Ilala yanamlipa sana. Halafu kwa joto letu hayakai siku nyingi. Yashindilie kwenye pipa, funika nailoni, juu mchanga, hewa isipite. Yakinuka uchachu ni sawa. Yakiota ukungu, mwaga, hata kama hela inauma.

MamaMabibo
Mimi nalisha maganda ya ndizi ya hapa sokoni na ya viazi kutoka kwa wauza chipsi. Yana wanga, protini kidogo mno, kwa hiyo naongezea mashudu au majani ya lusina, ule mti wa malisho. Chambua kwa mkono kabla hujamwaga horini: utakuta vifuko vya nailoni na vijiti vya mishikaki. Ya mihogo anika mpaka yavunjike kwa vidole, mabichi yana sumu.

BwanaMifugo_Kibamba
Kaka, chakula kipya anza kidogo kidogo, ukipandisha kwa wiki 2, na nyasi kavu zisikosekane. Pumba nyingi kwa ghafla huchachisha tumbo, kondoo anakufa. Madume ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi: pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mawe yanaziba njia ya mkojo. Weka chokaa ya mifugo, chumvi, na maji muda wote. Ukiona dume linajikamua na mkojo hautoki, ita daktari siku hiyohiyo. Madini ya kuku au nguruwe usiwape kabisa. Yana shaba nyingi, na ini la kondoo haliihimili.

MfugajiChanika
Nashukuru sana babu, dada na bwana mifugo. Na pumba za mpunga je?

BabuWaPugu
Zile laini za kukobolea, sawa, changanya. Maganda magumu ya nje tandika bandani, hayana lishe.